Kangaga la nywele za singa: namna ninavyolitunza Tanga

Jirani yangu aliponiona napandisha chungu cha kangaga kibarazani aliuliza, "Hayo si majani ya mtoni?" Ndiyo, ni ya mtoni. Kwetu Lushoto huota yenyewe kwenye miamba inayovuja maji, penye kivuli, na hakuna anayeyahesabu kuwa pambo. Kazi niliiona nilipoyashusha Tanga mjini.

Makangaga ni mengi. Hili langu lina vijani laini vyenye umbo la kipepeo cha jikoni, na vikonyo vyeusi vinavyong'aa, vyembamba kama nywele za singa. Wataalamu huliita Adiantum, neno lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya "lisilolowa". Dondoshea jani tone la maji uone: linabiringika na kuanguka, sawasawa na kwenye jani la gimbi. Ndiyo maana sina imani na vile vichupa vya kupulizia maji. Unapuliza asubuhi, roho inatulia, kumbe chini udongo umekauka. Kangaga hili linataka mizizi yenye unyevu muda wote na hewa isiyo kavu.

Miche nunua kwa wauza maua wa barabarani. Usiende kuchimba kwenye msitu wa hifadhi. Ni kosa, na lililong'olewa mwambani mara nyingi hufa kabla hujafika nyumbani.

Udongo ninauchanganya hivi: makopo mawili ya majani ya mwembe yaliyooza hadi yakawa meusi, kopo moja la makumbi ya nazi yaliyopondwa, nusu kopo la mchanga wa mtoni, na konzi ya mkaa uliotwangwa. Hapo kwenye makumbi sisi wa Pwani tuwe macho. Yale yaliyofukiwa ufukweni ili yatoe usumba wa kusokota kamba yamejaa chumvi. Chukua makavu ya jikoni, uyaloweke na kumwaga maji mara tatu. Mchanga wa baharini usiuguse kabisa.

Chungu changu ni cha udongo, kipana kuliko kirefu, kwa kuwa shina la kangaga hili hutambaa karibu na uso wa udongo na mizizi yake haiendi mbali. Usilizike shina, lilaze juu, ulibane kidogo tu. Chungu nakiweka juu ya sinia lenye kokoto na maji, ila maji yasifike kwenye kitako chake. Sehemu iliyonifaa ni uani, kando ya mtungi wa maji ya kunywa, ambapo jua hugusa hadi saa mbili asubuhi kisha kivuli kinachukua siku nzima. Feni na kiyoyozi ni adui. Upepo wa kaskazi nao ni adui, kwa hiyo kuanzia Desemba nalisogeza nyuma ya ukuta.

Maji ya kisima chetu yana munyu, yaliniunguzia ncha za majani mwaka mzima nikidhani ni ugonjwa. Sasa nakinga ya mvua kwenye pipa. Kila asubuhi naingiza kidole hadi kiungo cha kwanza: kikitoka kikavu, nimechelewa. Mbolea ya dukani naipa mara moja kwa mwezi, robo tu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko.

Mwaka wa pili nilikwenda msibani siku nne, nikamwachia kijana mmoja maagizo. Akamwagilia mawaridi, kangaga akalipita. Nilirudi nikakuta majani yanavunjika mkononi kama kisamvu kilichosahauliwa juani. Nusura nitupe. Badala yake nikakata kila kikonyo, kisu kikipita juu kidogo ya udongo, nikakizamisha chungu kwenye ndoo mpaka mapovu yakakoma kutoka, kisha nikakirudisha kivulini. Wiki ya tatu shina likatoa vichipukizi vilivyojikunja kama mkia wa kinyonga. Kwa hiyo likikukaukia, kata, lowesha, subiri. Usilichimbechimbe kuangalia kama lina uhai.

Konokono hupenda hivyo vichipukizi. Nawaokota usiku kwa tochi. Jani lenye vidung'ata nalikata tu. Dawa huliunguza kabla ya kuua mdudu.

Kuzidisha ni rahisi kwa kugawa: toa lote chunguni masika yanapoanza, kata shina vipande, kila kimoja kiwe na mizizi na kichipukizi. Ukitaka kujichosha kama mimi, anza na vumbi. Kangaga halina ua wala mbegu. Tazama chini ya kijani kilichokomaa, ukingoni, utaona pindo dogo lililokunjwa. Ndani yake mna spora, yaani vumbi linaloota badala ya mbegu. Weka jani kwenye bahasha siku mbili, zitadondoka vumbi la kahawia. Mwagia udongo maji yanayochemka, uache upoe, nyunyiza vumbi juu, funika na karatasi ya nailoni. Baada ya wiki kadhaa huota vibapa vya kijani vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha. Hivyo si miche bado: chembe ya kiume huogelea kwenye utando wa maji hadi kwenye yai, ndipo kangaga lenyewe litoke. Pakikauka, hapatungwi kitu.

Makopo yangu mawili ya spora yaliota kuvu. La tatu liko dirishani jikoni tangu masika. Lina vijani vitano, na juzi kimoja kimeanza kuweusha kikonyo.