Kabla Hujapeleka Picha Kubwa Stoo

Unapokarabati jengo lenye picha za kuchora, fundi akishakupa siku ya kuanza kubomoa, usingoje afike na nyundo. Piga kila mchoro picha mbele na nyuma, uandike kasoro zilizokuwapo. Pima mlango wa stoo na kona za ngazi. Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, zina ngazi nyembamba, na fremu ya mita 2 haikunjiki. Ng'oa kulabu na nyaya za kutundikia zilizo nyuma ya fremu.

Sasa nailoni. Hapa nisikilize vizuri. Mwaka mmoja tulihamisha picha mwezi wa Aprili. Tulizifunga kwa ile nailoni ya vipovu, vipovu vikiwa vimegusa rangi, tukaziba selotepu pande zote, tukaziegemeza sakafuni kwenye ukuta wa nje wa mawe ya matumbawe. Tulijua tumezikinga na mvua. Mei ndiyo yenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na ukuta ule ulikuwa ukinywa maji usiku na mchana. Wiki 6 baadaye nilipofungua mlango, harufu ndiyo iliyonipokea. Picha ya jahazi, ya akriliki, yaani rangi yenye plastiki, anga lake lote lilikuwa limechapwa viduara vya vipovu, kwa sababu akriliki hulainika kwa joto. Nyuma ya turubai, kile kitambaa kinachochorewa picha, koga nyeusi. Mchoraji wake, mama mtu mzima, alipitisha kidole juu yake bila kuigusa, akaniuliza: "Mwanangu, hata shuka mlikosa?"

Basi anza na bafta safi, au karatasi isiyo na asidi. Nailoni iwe ya njiani tu, vipovu vitazame nje, uivue siku hiyo hiyo. Stoo, inua picha kwa mbao sentimita 10 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje, zisimame uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, kadibodi katikati. Nunua kipima unyevu. Kikikaa juu ya asilimia 65, koga imepata nafasi, washa mashine ya kunyonya unyevu.

Wabebaji wawili, mkono mmoja chini na mmoja ubavuni. Vidole visiingie kati ya turubai na mbao za fremu yake. Mkokoteni ukatae, hata kama hamali anakuhakikishia. Na usitoke wakati wa upepo: kusi ikiikamata picha kubwa uchochoroni, inageuka tanga.

Kagua mchwa. Kagua paa. Ufunguo ashike mtu mmoja, na kila wiki aingie, anuse, aguse ukuta.