Mashine ya hewa ya kuzuia damu kuganda: kulinda miguu katika upasuaji mrefu

Kabla ya kumfunga mgonjwa mikanda ya hewa (mashine huijaza na kuilegeza kwa zamu ili kuisukuma damu ya miguuni), papasa mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Yasiposikika, au mguu una baridi au kidonda, usifunge, mwite daktari. Mguu unaoshukiwa kuwa na bonge la damu usifungwe kabisa, maana bonge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu.

Pima kwa futi ya kitambaa mzunguko wa shavu la mguu penye unene zaidi, kisha chagua saizi kwenye jedwali la mtengenezaji. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Mirija ikae juu ya mkanda, isilaliwe na mguu. Soksi ya kubana ikijikunja chini ya goti inakuwa kama mpira wa kufungia mkono wakati wa kutoa damu. Inyooshe au ivue.

Sehemu ya kuogopa zaidi ni upande wa nje, chini kidogo ya goti. Ukibonyeza hapo utagusa kichwa cha mfupa mwembamba, na neva inayonyanyua unyayo inauzunguka chini tu ya ngozi. Ukingo wa mkanda au kishikio cha mguu kikiigandamiza kwa saa kadhaa, mgonjwa anaamka unyayo unaning'inia.

Washa mashine, kisha weka mkono juu ya mkanda kwa mzunguko mzima: ujae (shavuni kwa kawaida mmHg 40 hadi 50; mmHg ni kipimo cha shinikizo), halafu ulegee kabisa. Mrija uliopinda huacha mkanda umejaa, na chini ya mashuka hakuna atakayeona.

Miguu ikiwa juu kwenye vishikio, kila sentimita 10 juu ya moyo hupunguza shinikizo la damu mguuni kwa takriban mmHg 7.5, na mashine haifidii upungufu huo. Upasuaji ukielekea kupita muda wa saa 4, kubalianeni mapema lini miguu itashushwa.

Baada ya upasuaji, maumivu makali kupita kiasi, shavu gumu, au uchungu vidole vikinyooshwa ni dharura, hata mapigo yakiwepo: huenda shinikizo ndani ya misuli limepanda mno. Dawa ya ganzi ya mgongoni huweza kuyaficha maumivu hayo. Vua kila kitu, laza mguu usawa wa moyo, usiuinue, na mwite daktari wa upasuaji papo hapo. Shinikizo la chini la damu (namba ya pili ya kipimo cha presha) likizidi lile la ndani ya misuli kwa chini ya mmHg 30, kwa kawaida utando wa misuli hupasuliwa bila kungoja. Angalia pia mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, figo ziko hatarini.