Kutoa ute wa mshubiri bila uchungu wake

Nyuma ya nyumba yangu, Ngamiani barabara ya 12, nina mishubiri kumi na mmoja kwenye ndoo zilizotoboka. Mabinti wakija kuomba jani huwauliza kwanza wanalipeleka wapi. Akisema atalisaga zima anywe, simpi. Mtoto wa jirani alifanya hivyo, akakesha chooni hadi adhana ya alfajiri.

Jani lile limebeba vitu viwili. Chini kidogo ya ganda mna utomvu wa manjano wenye aloini, iliyotengwa mara ya kwanza mwaka 1851. Ndio uchungu ambao bibi zetu walipaka kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa. Ikifika utumbo mpana, bakteria huivunja ikawa kemikali iitwayo aloe-emodini antroni, na hiyo ndiyo inayoendesha tumbo. Marekani ilizipiga marufuku dawa za kuendesha tumbo zenye shubiri zilizouzwa bila cheti cha daktari, mwaka 2002. Ndani kabisa ndiko kwenye ute: karibu wote ni maji, na utelezi wake unatokana na asemanani, mnyororo mrefu wa sukari. Huo ute ndio tunaoutaka kwa ngozi na nywele.

Kata jani nene la chini, usiguse ya katikati. Lisimamishe kikombeni, pale ulipokata pakitazama chini, kwa dakika 20. Tafadhali usiharakishe hapa. Manjano yote unayoyaona yakichuruzika yangeingia kwenye ute wako. Na doa lake kwenye kanga halitoki.

Lioshe, ondoa kingo zenye miiba, kisha pitisha kisu chini ya ganda kama unavyochuna ngozi ya samaki. Ukiona mstari wa manjano kwenye mnofu, ukwangue. Suuza mara tatu. Gusisha ncha ya ulimi, uteme: ukiwa bado chungu, rudia kusuuza.

Haya ni kwa mshubiri wa kawaida wa nyumbani, Aloe vera. Jenasi ya Aloe ina spishi zaidi ya 500, na chache zina alkaloidi, kemikali zenye sumu ya kuua, kwa hiyo ule wa porini usiuonje kabisa.

Saga, chuja kwa kitambaa safi, weka friji. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, ungoje hadi kesho yake. Mimi hutoa wa siku tatu tu. Ukianza kuwa mwekundu-mwekundu, naumwaga.