Jinsi ya kusoma barua za vita za kamanda wa wapanda farasi na jenerali wake

Hapa Dar wapenda historia ya vita tupo wengi tu, ila mtu akifungua oda za zamani dakika tano anafunga, anasema hazieleweki. Zinaeleweka bana, shida watu wanazisoma kama gazeti. Mi natumia mfano wa Jenerali Robert E. Lee wa upande wa Kusini na J.E.B. Stuart, mkuu wake wa wapanda farasi, Juni 1863, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, siku chache kabla ya mapigano ya Gettysburg, ambayo Lee alishindwa, na mpaka leo watu wanabishana kama Stuart alichelewa kwa kukiuka oda.

Zipo bure mtandaoni, kwenye Official Records, mkusanyiko wa serikali ya Marekani wenyewe. Chukua juzuu ya 27, barua ziko sehemu ya tatu, ripoti za upande wa Lee ziko sehemu ya pili. Kama bando linakubana pakua hiyo ya tatu peke yake, kurasa unazotaka ni chache, toa kopi uchoree kwa kalamu, simuni utapoteza uzi.

Ramani kwanza. Bila kujua safu ya milima ya Blue Ridge iko wapi na mto Potomac unapita wapi, hakuna utakachoambulia.

Halafu zipange barua kwa tarehe na SAA. Ya kwanza ni ya tarehe 22 Juni, ya pili ya tarehe 23 saa 11 jioni. Sasa hapa ndo penye utamu, kwa hiyo usikimbilie kutafuta amri, tafuta "kama". Piga mstari kila "kama", kila "lakini", kila "unaweza". Ile ya tarehe 23 Lee anamwambia, kwa maneno yangu, kama jeshi la Hooker, jenerali wa Kaskazini, limetulia unaweza kuacha brigedi mbili zimchunge na ukaondoka na tatu, lakini kama haonekani kwenda kaskazini bora urudi upande huu wa mlima na uvuke mto pale Shepherdstown. We hebu soma tena hapo. Ametulia, haendi kaskazini, si karibu kitu kilekile? Na katikati kaweka "lakini"! Alafu anaongeza kwamba utaweza kupima mwenyewe kama unaweza kulizunguka jeshi lao bila kizuizi, huku ukiwaharibia kadri uwezavyo. Ni kama bosi anayemtumia dereva meseji, ukiona Morogoro Road imejaa pita Kigogo, ila angalia mwenyewe, na mzigo uwe Kariakoo saa tatu. Mzigo ukichelewa kila mtu ana sentensi yake ya kujitetea.

Baada ya hapo weka kila "kama" pembeni ya kilichotokea. Stuart aliondoka usiku wa kuamkia tarehe 25, kufika Haymarket akakuta kikosi cha Hancock, jenerali mwingine wa Kaskazini, kimejaa barabarani. Hicho si kizuizi? Kwangu mimi ni kizuizi kabisa, alitakiwa ageuze, ila yeye akazunguka mbali zaidi. Tarehe 28 akateka magari ya mizigo 125 pale Rockville, akaburutana nayo yakamchelewesha, tarehe 30 akapigana Hanover, akamfikia Lee tarehe 2 Julai mchana, vita imeshaingia siku ya pili.

Fuatilia na njia ya barua yenyewe, nani kaibeba na ilifika au haikufika. Stuart anasema aliandika kumtaarifu Lee kuhusu Hancock. Haikumfikia. Na usiishie kwa hao wawili, soma pia oda ya tarehe 24 ambayo Stuart alimwachia Robertson, yule wa zile brigedi mbili zilizobaki, maana watu wanapenda kusema Lee aliachwa bila farasi kabisa wakati hawa walikuwepo.

Ripoti soma mwisho. Ya Stuart ni ya Agosti 1863, ya Lee ya Januari 1864, na kwa muda huo kila mtu alishajua nani kashindwa, kwa hiyo mtu anaandika huku anajikinga. Ukianza na ripoti umeshachagua upande kabla hujaona oda.

Ukishazoea, jaribu ya huku kwetu. Sanamu ya Askari pale Posta tunaipita kila siku, na vita inayoikumbusha, ile ya Kwanza ya Dunia, ilikuwa na wapanda farasi pia, van Deventer chini ya Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza, waliingia Kondoa Irangi Aprili 1916 masika yakawakatia njia nyuma, farasi wakafa kwa wingi kwa magonjwa na mbung'o. Kwa hizo kila tarehe ilinganishe na mvua, na kabla hujamlaumu mtu kwa kuchelewa tafuta kwanza alikuwa na farasi wazima wangapi.