Kufunga shada la asumini kwa ibada, kwa mtindo wa Madurai

Kwanza weka sindano pembeni. Nilikulia pwani, nikizoea kuona asumini ikitungwa kwa sindano na uzi, na nilipofika Madurai, kusini mwa India, kusoma, nilijiona fundi. Bibi mwenye nyumba niliyopanga, tuliyemwita Paati, alinitazama nikitoboa ua la kwanza, akaninyang'anya sindano. Kwake asumini haitobolewi, hufungwa.

Hatua ya 1: Maua

Tafuta konzi mbili za matumba. Yaliyokwisha kuchanua hayafai: matumba huchumwa asubuhi na mapema, yakafungwa yangali meupe na magumu, yakachanua jioni shada likiwa tayari limevishwa. Asumini ya Madurai, malli, ilipata hati ya kulinda jina lake mwaka 2013. Kikonyo chake ni kirefu, kwa hiyo fundo lina pa kushika. Ukiwa na ya kwenu yenye vikonyo vifupi, uwe na subira zaidi.

Nawa mikono. Ua lililoanguka chini liache. Na usinuse! Harufu ni ya mungu kwanza. Wanasimulia kwamba Andal, binti wa mji wa Srivilliputhur ambaye sasa naye huabudiwa, alikuwa akilivaa shada kwa siri kabla baba yake hajalipeleka kwa Vishnu, mungu wa Wahindu. Baba alipogundua alitunga jingine, lakini mungu akalitaka lile lililovaliwa. Mpaka leo shada lililovishwa sanamu ya Andal hupelekwa kwenye hekalu la Vishnu la Tirumala kwa sikukuu ya Brahmotsavam. "Lakini wewe si Andal," Paati alinikumbusha kila pua yangu ilipokaribia ungo.

Hatua ya 2: Uzi

Chukua ganda kavu la shina la mgomba, ulichane nyuzi nyembamba, uziloweke kama robo saa. Mimi nilizitumia kavu siku ya kwanza, zikakatika moja baada ya nyingine. Uzi wa pamba nao unafaa, ila ukivuta kwa nguvu unakata vikonyo kama wembe. Wa mgomba ni laini, tena unahifadhi maji.

Hatua ya 3: Fundo

Hapa ndipo kazi ilipo. Acha mkia wa shibiri moja. Laza matumba mawili juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, vichwa vikitazama kushoto. Juu yake laza mawili mengine, vichwa vikitazama kulia, vikonyo vipishane katikati. Bana hapo kwa dole gumba, na dole gumba hilo lisiondoke.

Kwa mkono wa kulia zungusha uzi mara moja kwenye vikonyo. Kisha usokote juu ya vidole viwili upate kitanzi, ukipitishe juu ya vichwa vya upande mmoja mpaka kitue kwenye vikonyo. Vuta taratibu. Vikonyo vikishakumbatiana, acha. Ukisikia "tik", umekata.

Laza manne mengine kwa kuyabananisha na ya kwanza, vichwa vifunike fundo lililopita. Uzi ukionekana katikati, umeacha nafasi. Shada langu la kwanza lilipukutika lilipoinuliwa tu, kwa sababu nilikuwa nalegeza dole gumba nikitafuta ua linalofuata. Panga matumba manne manne kabla hujaanza.

Hatua ya 4: Urefu na majani

Sokoni hupimwa kwa *muzham*, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, yaani dhiraa yetu ileile. Muuzaji akiwa na mkono mfupi, hasara ni yako.

Kila baada ya mafundo machache chomeka jani la kijani. Angalia unamtungia mungu yupi: tulasi, ndugu wa mrihani, ni ya Vishnu; majani ya mti wa vilvam ni ya Shiva; Ganesha hupenda ukoka, lakini tulasi kwa kawaida hapewi. Kali hupewa hibiskasi nyekundu. Maua manene ya rangi ya chungwa yaitwayo genda unaweza kuyatunga kwa sindano, hakuna atakayekugombeza. Ukitumia arali, yaani maua ya oleanda, nawa tena, utomvu wake ni sumu.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Funga mkia na mwisho wa uzi, nyunyiza maji kidogo, ulizungushie jani bichi la mgomba mpaka saa ya puja, yaani ibada. Likishavuliwa kwenye sanamu usilitupe jaani. Paati aliyamwaga yake chini ya mwembe uani.