Jinsi ya kutafuta jina kwenye Orodha ya Ładoś

Aleksander Ładoś aliongoza ubalozi wa Poland mjini Bern, Uswisi, 1940 hadi 1945, na kundi lake likatengeneza pasipoti bandia za nchi za Amerika ya Kilatini za kuwaokoa Wayahudi. Orodha iliyotolewa 2019 ina majina 3,262 ya waliotengenezewa pasipoti hizo.

Anza na jina la ukoo, ulijaribu kwa tahajia ya Kipoland, Kijerumani na Kiholanzi. Wengi hukwama hapa. Usipompata mtu, mtafute mwenzi wake, maana pasipoti moja mara nyingi ilibeba familia nzima.

Kama pasipoti ni ya Paraguay, tazama mwandiko: fomu tupu zilinunuliwa kwa konseli wa heshima wa Paraguay, Rudolf Hügli, naye Konstanty Rokicki wa ubalozi wa Poland akazijaza kwa mkono. Za Honduras zilipita njia nyingine. Kuwemo orodhani hakumaanishi mtu alipona, kwa hiyo hatima yake itafute kando.