Kudhibiti kasi ya feni kwa simu bila kuchoma mota

Joto la mchana Kisumu, pamoja na unyevu wa ziwa, limeifanya feni kuwa kifaa cha lazima katika nyumba nyingi, kuanzia Milimani hadi Mamboleo. Siku hizi wenye nyumba wanataka kuiendesha kwa simu, na swali ninaloulizwa sana ni kama feni inaweza kufungwa kwenye dima janja ya taa, yaani kifaa cha kupunguza mwanga kinachoamriwa kwa simu. Kwa feni nyingi jibu ni hapana. Vifaa hivi viwili hufanana ukutani, ila kimoja kimeundiwa taa na kingine mota.

Balbu ikipunguziwa umeme hufifia tu. Mota ya kawaida ya feni hufuata masafa ya umeme, ambayo hapa Kenya ni hezi 50. Mota yenye poli (ncha za sumaku) nne italenga mizunguko 1,500 kwa dakika hata ukiipunguzia volti. Volti zikishuka inabaki nyuma ya lengo hilo, na nguvu inayopotea kwa kubaki nyuma inageuka joto ndani ya rota, sehemu ya mota inayozunguka. Kwa feni, joto hilo hufika kilele kasi ikiwa karibu theluthi mbili ya lengo, yaani mizunguko kama 1,000. Ndiyo maana kasi ya katikati, ambayo wengi huiona salama kuliko zote, ndiyo ninayoipima kwa makini zaidi.

Hatua ya 1: Itambue mota

Soma kibandiko chake: volti, hezi, wati, na kama kuna kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme na kusaidia mota kuanza. Feni ya dari karibu zote ni za kapasita, na hizi hukubali kupunguzwa kasi. Feni ndogo ya kutoa hewa bafuni mara nyingi haina kapasita, ina pete za shaba kwenye poli zake. Hiyo hupunguzika pia, ila ina nguvu ndogo ya kuanza na hukwama upesi.

Kama feni ya bafuni ina taima au kihisi cha unyevu ndani yake, usiiwekee kidhibiti chochote cha kasi. Ubao wake wa elektroniki unataka volti 240 kamili. Kadhalika feni ya mota ya EC, yaani inayoendeshwa na elektroniki iliyo ndani yake: hiyo huachiwa umeme wake wote, na kasi huamriwa kwa waya nyembamba za ishara ya volti 0 hadi 10. Ukinunua feni mpya ya jikoni, na mfuko unaruhusu, chukua EC. Hupungua kasi bila kelele, na umeme unaookoa ni wa kweli. Kwa kanuni ya feni, kasi ikishuka hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika kusukuma hewa hushuka hadi karibu nusu. Mota ya kawaida iliyopunguziwa volti hupoteza sehemu ya faida hiyo kwa lile joto la rota.

Hatua ya 2: Chagua kidhibiti

Kwa feni ya dari, tafuta kidhibiti janja cha hatua tatu kinachotumia kapasita. Hakikati wimbi la umeme vipande vipande kama dima, kwa hiyo feni haivumi. Mfano ni Sonoff iFan04, toleo la H la volti 220 hadi 240. Kinataka Waifai ya gigahezi 2.4, basi angalia ruta yako kabla ya kulipa.

Kwa feni ya kutoa moshi, nunua kidhibiti ambacho karatasi yake inataja mota au feni waziwazi. Kikitaja LED peke yake, kirudishe. Dima nyingi za LED hukata umeme mwishoni mwa wimbi, na koili ya mota hujibu kwa kurusha volti kali zinazoweza kuua dima yenyewe. Vifaa vya volti 120 vinavyotumwa na jamaa walioko Marekani havifai kabisa hapa.

Hatua ya 3: Zima breka, kisha tafuta nyutro

Zima breka kuu, pima kwa tesita iliyothibitishwa kwanza kwenye soketi yenye stima, ndipo ufungue. Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kazi yote. Katika nyumba zetu nyingi nyutro, waya unaorudisha umeme, huishia darini na haishuki kwenye swichi. Waya mweusi unaoukuta ndani ya swichi ya nyumba ya zamani, licha ya rangi yake ya nyutro ya zamani, mara nyingi ni umeme unaorudi kwenye feni. Ukiufunga kama nyutro, kidhibiti hakitafanya kazi na mtu anaweza kupigwa na stima. Ni kwa sababu hiyo napendelea kukiweka kidhibiti juu, ndani ya kikombe cha feni, mahali nyutro ipo. Kama huna leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya, hatua hii na inayofuata mwachie fundi aliye nayo.

Hatua ya 4: Funga waya

Ondoa regyuleta ya zamani ya ukutani. Vidhibiti viwili kwenye feni moja hupigana, na mota ndiyo hulipa. Laivu na nyutro ziingie kidhibitini, waya wa feni utoke mahali pa feni, wa taa mahali pa taa. Athi ifungwe moja kwa moja kwenye mwili wa feni.

Hatua ya 5: Weka kasi ya chini kabisa

Washa feni ikiwa baridi, kwa kasi ya juu, halafu shusha. Tafuta kasi ya chini ambayo bado inaweza kuanza yenyewe ikiwa imesimama, kisha panda kidogo na ufunge kiwango hapo. Feni inayovuma bila kuzunguka izimwe mara moja. Iache kasi ya katikati kwa saa moja, zima breka, kisha gusa mwili wa mota. Kama mkono haukai, futa hiyo kasi kwenye programu.

Rudia jaribio jioni, watu wanapopika na volti za mtaa zinaposhuka. Feni iliyoanza vizuri saa nne asubuhi inaweza kukwama saa mbili usiku.

Hatua ya 6: Iamuru ijiendeshe

Usiweke kiwango kimoja cha unyevu, kwa mfano asilimia 70. Msimu wa mvua hewa ya nje ya Kisumu hupita hapo usiku kucha, na feni haitazima. Weka vihisi viwili, kimoja bafuni na kingine sebuleni. Feni iwake unyevu wa bafuni ukizidi wa sebule kwa asilimia 15, izime tofauti ikishuka chini ya 5.

Jikoni ni tofauti. Kama kuna jiko la makaa, feni isitegemee kihisi cha unyevu wala Waifai. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu, na inaua. Fungua dirisha, na feni iwe na swichi ya ukutani inayowasha kasi ya juu hata intaneti ikikatika.

Mwisho, chagua feni ifanye nini stima ikirudi. Mimi huweka ibaki imezimwa, isipokuwa kidhibiti kina uwezo wa kuanza kwa nguvu kamili kabla ya kushuka. Wadudu wa ziwani nao wakija kwa makundi hunata kwenye mapanga, kwa hiyo safisha, kisha rudia Hatua ya 5.